Karatasi Nyeupe za Mlimani Kisarawe

Hamisi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mnara wa kupimia vumbi, saa nne asubuhi, jua linawaka, na mimi nilikuwa nimemzika kijijini Kurui siku nne kabla. Niliingia kaburini kwa miguu yangu, nikampokea kwa mikono hii. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nasema nilichokiona.

Nirudi nyuma kidogo. Niliishia darasa la nne, lakini kazi niliyopewa hapa mlimani haikutaka shule. Kuna mashine inavuta hewa usiku na mchana, inaipitisha kwenye karatasi nyeupe ya duara. Kila asubuhi nilitoa ya jana, nikaweka mpya, nikaandika tarehe kwenye bahasha, bahasha ikaenda Dar kupimwa. Miaka tisa hiyo. Hamisi, mume wa dada yangu Mwanaidi, alikuwa akiyeyusha betri chakavu kiwandani Zegereni, kule Kibaha, na kila tukikutana alinitania: "Shemeji, unalinda hewa. Nani ataiiba?"

Upepo ukitoka upande wa Kibaha, karatasi ilitoka nyeusi kama tako la sufuria. Ndipo siku moja akapanda Injinia Lusekelo, bosi wangu, pamoja na Chuwa, meneja wa kile kiwanda. Injinia akaniagiza kwamba siku za upepo ule nitie kwenye bahasha karatasi ambayo haijaingia mashineni kabisa. Zile nyeusi nizitupe. Sikuzitupa. Zilishika moto vizuri, nikawa nawashia jiko la mkaa. Niambie, wewe ungekataa, na watoto watano ndani?

Hamisi akaanza kuumwa. Mikono ikatetemeka, tumbo likamkaza, fizi zikaota mstari wa bluu. Akaenda kwa Chuwa kudai atibiwe. Chuwa akamtolea majibu ya mlimani: hewa safi, moshi wetu haujamdhuru mtu. Hamisi akapanda hadi kwangu kuniuliza kama ni kweli.

"Ndivyo zilivyotoka, shemeji," nikamjibu.

Hakuongea nami tena mpaka akafa.

Sasa asubuhi ile. Alikuwa ndani ya sanda, imejaa udongo. Akaninyooshea mkono, akasema taratibu, kama mtu aliyetoka zamu:

"Shemeji, nipe karatasi zangu."

Nikamwambia nilizichoma.

"Zote?"

"Zote."

Hakukasirika. Heri angenipiga. Alichukua mkononi mwangu karatasi mpya niliyokuwa nakwenda kuiweka, akaikoholea mara moja tu. Ikawa nyeusi yote. Akanirudishia, akashuka kuelekea njia ya Maneromango, na majani aliyoyakanyaga, amini usiamini, hayakulala.

Karatasi ile niliipeleka Dar mwenyewe. Injinia Lusekelo aliitazama, akaitia mfukoni, akasema mashine imeharibika na kazi yangu imekwisha.

Tangu hapo, nguo yoyote nyeupe nikiivaa, kufika adhuhuri ina duara jeusi kifuani. Ijumaa msikitini watu wanaacha pengo kati yao na mimi kwenye safu. Mwanaidi alinifulia kanzu mara moja, akaona doa halitoki, akaniuliza ni nini. Nikamweleza yote. Hajakanyaga kwangu tena, na simlaumu.

Wewe unayesoma, kama umeajiriwa kuandika unachokiona, andika hicho hicho. Wakikupa nyeupe ya kubadilishia, ondoka siku hiyo hiyo, hata kama utalala njaa. Usifikiri unachokificha ni karatasi.

Mimi langu nimelitaja. Injinia Lusekelo, ile aliyoikoholea marehemu iko wapi? Na wewe Chuwa, tanuru bado linawaka. Umemweka mtoto wa nani mahali pa Hamisi? Sitaki barua. Njooni Kurui wawili nyinyi, mchana, mkae mbele ya dada yangu, mmwambie kwa midomo yenu nani alimuua mumewe.