Usingizi wa Mama Haukuwa Ulanzi

Juzi nilisinzia kwa kinyozi hapa Makambako, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kinyozi akaniuliza, "Kaka, leo umeanza mapema?" Nikacheka tu. Ningemwelezaje kwamba mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kwenye kochi hadi jikoni, nimekeshezwa na dada yangu? Ni mtu mzima sasa, na tangu mama afariki anaishi kwangu. Hupanga vifuniko vya sufuria mpaka kunakucha.

Basi rafiki yangu, nikamkumbuka mama.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Njombe, neno usonji lilikuwa halijafika. Tulijua tu kwamba dada haongei, hataki kuguswa, na usiku kwake ni mchana. Mama alimfuata huku na huku asije akaangukia motoni. Asubuhi akienda kuvuna viazi, anasinzia ameshika jembe. Mimi niliyelala fofofo ndiye niliyechelewa shule.

Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, utomvu ukichuruzika kila bonde, mama akasinzia kanisani, kitabu cha nyimbo kikaanguka pwaa! Jumapili ya pili, tena. Mzee wa kanisa akaja nyumbani kuonya: mama akirudia ulevi, atazuiwa Meza ya Bwana. Mama, aliyeitilia shaka hata togwa isiyolevya, akamenya viazi huku machozi yakimtoka.

Bibi akaja juu. "Mnamdekeza tu huyo mtoto. Nileteeni, kwangu atalala." Akamchukua Jumamosi jioni.

Kesho yake bibi, wa benchi la mbele, alikoroma kabla ya mahubiri, kilemba kikamfunika macho. Baada ya ibada akamfuata mzee wa kanisa hadharani. "Haya baba, ninuse mdomo! Mimi nimekesha naye usiku mmoja. Mwenzangu anakesha mwaka wa sita huu."

Mzee akatazama viatu vyake.

Jumatatu jioni jirani akatoa salamu yetu ya "kamwene" mlangoni, blanketi begani. "Mama, nenda kalale. Leo zamu yangu." Kesho yake akaja mwingine. Hakuna aliyeitisha kikao. Jumapili mama akapokea Meza, macho makavu, uso umenyooka kama wa msichana.

Akina mama wale wengi wametangulia. Majirani zangu hapa wana mageti, lakini nisiwasingizie, ni watu wema. Kila asubuhi wananiuliza, "Za usiku?" Nami najibu, "Nzuri tu," kisha naingia ndani na kufunga mlango.