Mtandao Uliofika Jikoni

Mdogo wangu alipojifungua katika nchi ya mbali yenye baridi, mama yetu hakulia. Alikwenda jikoni, akafagia majivu, akapanga mafiga upya kama mtu anayetarajia mgeni. Nyumbani kwetu Gendabi, binti akipata uzao wa kwanza, mama yake ndiye anayemkalisha karibu na moto, anampa uji na kumwogesha mtoto huku binti akitazama na kujifunza. Lakini viza ya mama haikutoka. Mdogo wangu alikuwa peke yake na kichanga, mume yuko kazini mchana kutwa, na alimwambia mama kwenye simu kwamba amekuwa akimpangusa tu kwa kitambaa, maana anaogopa kumtia majini. Anaogopa atamponyoka.

"Jumamosi tutamwogesha sote," mama akamjibu. Kisha akanipigia mimi, mwalimu wa kompyuta wa sekondari huko Katesh, akaniambia nije kuhakikisha ile waifai inafanya kazi.

Ruta ya kurusha mtandao huo niliifunga mwenyewe wakati mdogo wangu angali mjamzito. Niliiweka sebuleni, juu ya kabati, na kabla sijamaliza kukunja waya mama alikuwa ameshaifunika kitambaa chake cha kufuma, kama redio. Nilimweleza yale ninayowaeleza wanafunzi: kwamba ile 802.11 kwenye boksi ni kiwango, yaani makubaliano ya namna vifaa vinavyozungumza, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi. N ilitangulia, ac ikaja baadaye.

"Basi ac ni mtoto wa n," mama alisema. "Wanaelewana?"

"Wanaelewana. Ila mtoto anapunguza mwendo ili mzazi amfuate."

"Ana adabu," akasema.

Tuligombana kidogo kwenye jina la mtandao. Yeye alitaka uitwe Karibuni. Nikauita Karibuni, halafu nikaweka nywila ndefu, na mama akauliza: "Unaandika karibuni halafu unafunga mlango?" Nikamwambia ndivyo ulinzi ulivyo. Hakubishana, na mimi nilipaswa kujua kwamba mama akinyamaza hajakubali.

Jumamosi ile nilifika asubuhi, nikafungua kompyuta yangu kuangalia ni vifaa vingapi vimeungwa kwenye ruta. Nilitazamia simu moja ya mama. Orodha ilijaza kioo.

"Mama, hawa wote ni nani?"

"Majirani." Alikuwa anachagua maharage, hakuinua uso. Aliyekuja kuomba nywila alipewa, kuanzia familia ya wafugaji upande wa bondeni hadi vijana wa bodaboda wanaopumzika kwenye ua wetu. "Tangu nimeolewa hapa, hakuna aliyekuja asubuhi na kigae kuomba kaa la moto nikamnyima. Na moto wangu haukuwahi kupungua."

Nilipandisha sauti, nakiri, maana hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia waifai si moto. Mmoja akivuta filamu, mwingine anakosa. Nikasema nabadilisha nywila sasa hivi, na yeye akae sebuleni karibu na ruta, tumpigie mdogo wangu tukiwa na mtandao mzuri.

"Mzazi hapokelewi sebuleni," mama akasema. "Sebuleni wanakaa wageni."

"Mtoto mwenyewe hajui jiko wala sebule."

"Mama yake anajua."

Nikachukua simu nikaenda nayo jikoni, ng'ambo ya ua, nijaribu. Ruta yetu ina bendi mbili za mawimbi. Ile ya gigahezi tano ina mbio lakini haipendi kuta. Ilipofika kwenye matofali ya kuchoma na bati ikafa kabisa. Ile ya mbili nukta nne ni ya polepole lakini inapenya. Nikairudisha simu kwenye hiyo, nikaondoa kitambaa, nikasogeza ruta dirishani. Mwenda pole hajikwai, nikajisemea, ingawa vijiti vya mtandao vilikuwa viwili tu na majirani bado walikuwa wanavuta.

Nilipogeuka kwenda kubadilisha nywila, mama hakuwepo. Alikuwa ameshuka bondeni. Alirudi taratibu, nyuma yake akina mama, wa kwanza akiwa yule jirani mfugaji na kibuyu cha maziwa. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaingia jikoni wakakaa kwenye vigoda na magunia. Mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema mtoto anaogeshwa, wazime waifai, na anayetaka kumwona aje. Nikatazama orodha kwenye kompyuta. Ilibaki simu moja.

Mdogo wangu alipotokea kwenye kioo nilishtuka. Alikuwa amekonda, nywele hazijasukwa, beseni mbele yake. Aliona moto kwanza, kisha nyuso zile zote.

"Weka kiwiko majini," mama akasema. "Yanaunguza?"

"Hapana, mama."

"Kichwa chake kwenye mkono wako wa kushoto. Shika bega. Sasa mshushe, miguu kwanza."

Miguu ilipogusa maji, picha ikaganda. Niliinuka niende kwenye ruta, lakini mama alinishika gauni. Sauti ilikuwa bado inakuja. Akainamisha kichwa kwenye simu, akasikiliza maji, akasikiliza kilio. "Hicho si cha maumivu, anashangaa tu. Mmwagie kifuani, polepole. Mwongeleshe." Kilio kikashuka, kikawa kuguna kidogo, kisha tukasikia mdogo wangu akicheka huku analia. Na mimi nililia, sikuona haya.

Picha iliporudi, mtoto alikuwa amefungwa kwenye khanga aliyotumiwa na mama, ananyonya. Maziwa yakagawanywa jikoni kwa niaba ya mzazi. Nilipotaka kukata simu ili kifurushi kisiishe, mdogo wangu akasema, "Usikate, dada. Niachieni nisikie jiko."

Mama akaiegemeza simu kwenye chungu, ikitazama moto, akarudi kwenye maharage yake. Mazungumzo yakaendelea, ya mvua na ya ndama wa jirani. Baada ya muda nilichungulia kioo: mdogo wangu alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo, mtoto kifuani. Nikaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wote.

Mama akanishusha mkono. "Ongeeni tu," akawaambia. "Huyu amezoea kulala tukiongea."