Kukhu Anaenda Vegas ya Malaba

Kwetu hakuna mtu anayejua kukaa likizo. Watoto wengine shule zikifungwa Aprili wanalala mpaka jua liwachome, wanaangalia runinga, wanaboeka kwa amani. Sisi tunatembea. Baba anatoka dukani kuja nyumbani, anasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata, anarudi dukani. Mama anafua tena nguo alizozifua jana, na bado hazijakauka. Ndugu yangu mdogo, mwenye miaka saba na meno machache, anazunguka nyumba mpaka amechora njia. Mimi niko kidato cha tatu na kazi yangu ni kuwacheka wote.

Lakini Aprili ile kutotulia kulikuwa na sababu. Mto Nzoia ulikuwa umepasua kingo zake tena na maji yalikuwa yameingia nyumbani kwa Kukhu, mama yake Mama, huko Rukala. Kukhu alikuwa amehamia hemani kwenye uwanja wa shule pamoja na kuku wawili aliowaokoa ndani ya sufuria, sufuria iko kichwani, maji yako kiunoni. Hema lenyewe lilikuwa linavuja. Mwaka uliotangulia maji yalifika hata pale uwanjani watu wakiwa wamelala, wakaishia kupanda juu ya madawati. Kwa hivyo Mama alikuwa anapiga simu asubuhi, mchana na jioni: njoo Nambale, kaa kwetu mpaka maji yashuke. Kukhu alikuwa na jibu moja tu.

"Nije nilale kwa mkwe wangu? Si afadhali mnitembeze uchi sokoni tujue moja!"

Kwa wasiojua: kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na mambo ya kulala nyumba moja usiyataje kabisa. Wakikutana njiani, Baba anaingia kwenye shamba la mtu, hata kama ni tope mpaka magotini, anajifanya anakagua majani ya mihogo mpaka Kukhu apite. Si ugomvi. Ni heshima. Wanapendana sana, ila kwa umbali. Baba humtumia sukari, Kukhu humtumia samaki mkavu, na tangu kabla sijazaliwa hawajawahi kuangaliana usoni. Nikiuliza kitatokea nini siku wakiangaliana, naambiwa ninyamaze.

Hapo ndipo Vegas ilipoingia.

Kule Malaba, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, tajiri mmoja alijenga hoteli yenye kasino, akaiita Vegas. Jamaa alikuwa ametembea Marekani, akauona ule mji wa kamari ulio katikati ya jangwa, akarudi na picha kwenye simu akisema hata sisi tunaweza. Simenti yote ilitoka dukani kwa Baba. Jengo lilipoisha, tajiri akamwambia: "Mzee, leta familia. Mlale siku mbili, mle, muogelee, yote juu yangu." Baba alishukuru kwa adabu na hakuwa na mpango wowote wa kwenda. Mama ndiye aliyeidaka ile ahadi kwa mikono miwili.

"Hoteli si boma la mtu," aliniambia jikoni, akinielekezea mwiko. "Mama atalala chumba cha chini pamoja na sisi, baba yenu alale chake ghorofani. Paa ni moja. Asubuhi akiamka mzima, na paa halijaanguka, atanipa sababu gani tena ya kukataa kuja kwetu?"

"Na asipoamka?"

Mwiko ulinipata begani.

Baba alipoelezwa alienda dukani, akarudi, akaenda tena. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: Kukhu asijue kwamba yuko pale, maana akijua atatorokea dirishani. Basi Kukhu akaambiwa mkwe wake amebaki kuuza dukani, naye akakubali kwenda, siku mbili tu. Mimi nikapewa kazi ya trafiki: nihakikishe hao wawili hawagongani.

Baba alitangulia na pikapu. Sisi tulifika baadaye na Kukhu, sufuria yake, na kuku wake wawili ndani.

"Mama, kuku hawaruhusiwi," alisema dada wa mapokezi.

"Kwani watacheza kamari?" Kukhu akamuuliza, akapita.

Vegas yenyewe, manze, ilikuwa kitu cha kuona. Jangwa lilikuwa mchanga wa mto uliomwagwa mbele ya lango, na kwa vile ilikuwa Aprili, jangwa lilikuwa limejaa maji na vyura. Katikati alisimama ngamia wa simenti mwenye uso wa mtu anayedaiwa kodi. Kulikuwa na piramidi iliyopauka upande mmoja kwa mvua, na taa za rangi zilizowaka mchana kweupe. Ndani mashine za kamari zililia ti-ti-ti bila kupumua, na nje malori yalinguruma, yakasogea hatua moja, yakazima. Hata hoteli ilikuwa haijui kutulia. Tukajisikia nyumbani.

Kukhu alitazama yote, kisha akauliza, "Hawa watu wa jangwa walikuja kutafuta nini huku kwenye maji?"

Asubuhi paa lilikuwa mahali pake. Kukhu alikuwa amelala sakafuni, kwa sababu kitanda kilikuwa kinammeza, lakini alikuwa hai. Mama alinikonyeza kama mtu aliyeshinda kesi. Mpango wake ulikuwa kumwambia Kukhu ukweli jioni, akishashiba.

Shida ilianza na kifungua kinywa. Baba alitakiwa ale kwanza, aondoke, ndipo Kukhu aingie. Lakini alikuwa bado na soseji ya pili wakati nilipoona leso ya Kukhu inakuja kwenye korido. Nikakohoa kama tulivyopanga. Baba akanyakua sahani na kikombe, akatorokea mlango wa nyuma. Nilipochungulia dirishani alikuwa anakula amechuchumaa nyuma ya ngamia, mvua inamwagika kwenye chai yake.

"Mbona Baba anakula na yule ng'ombe?" ndugu yangu akauliza kwa sauti. Nikamjaza mkate mdomoni.

Baba aliporudi, amelowa chapachapa, aliniambia ataenda kukaa kwenye kasino. "Huko hawezi kuingia. Yule ni mama wa kanisa." Baba hachezi kamari. Nilimwona mlangoni akianza kukagua plasta ya ukuta, anaigonga kwa kidole na kutikisa kichwa.

Kukhu naye alikuwa hakai. Alienda langoni, akaja bwawani, akarudi langoni. Aliomba jikoni wampe sufuria aoshe, wakamkatalia, akaona ametukanwa. Kila mara alikuwa anapigia jirani yake wa hemani simu: maji yako wapi? Yamefika wapi sasa? Na saa tano hivi jirani akamwambia maji yameingia uwanjani, watu wanahamia juu ya tuta la mto.

"Nirudisheni," Kukhu akamwambia Mama. "Sasa hivi. Watu watachukua sehemu zote za kulala huko tutani."

"Tutani, Mama? Na tuta likikatika?"

"Likikatika nitakuwa na wenzangu. Hapa niko na ngamia."

Mama akaanza kulia, akajifungia bafuni ili asionekane. Kukhu akabeba sufuria yake akaondoka kutafuta njia ya kutoka, na kwa sababu korido za Vegas zimejengwa ili mtu apotee, alisukuma mlango wa kwanza aliouona. Ulikuwa wa kasino.

Nilimkimbilia. Dada wa mlangoni akaninyooshea mkono: "Watoto hawaingii hapa."

"Mimi si mtoto, mimi ni trafiki," nikamwambia, nikapita chini ya mkono.

Ndani kulikuwa na madereva wachache wa malori wakibonyeza mashine. Baba alikuwa kwenye pembe. Alipoiona ile leso aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Shamba la mihogo halikuwepo. Akajibana kati ya ukuta na mashine kubwa kuliko zote. Kukhu, pumzi zimemwishia, akatafuta kiti. Kati ya viti vyote vya Malaba, akachagua kilichokuwa mbele ya mashine hiyohiyo.

Dada wa mlangoni alinifuata, lakini alipomwona Kukhu ameketi akasahau kunifukuza, akaanza kumweleza: unaweka pesa hapa, unabonyeza, picha zinazunguka.

"Halafu?"

"Halafu mara nyingi inakula, Mama. Lakini siku moja inaweza kukurudishia."

"Unampa chako, anakula, unangoja akurudishie," Kukhu akasema. "Nzoia inanifanyia hivyo kila mwaka na sijapanda gari kuifuata."

Dereva mmoja Mganda alicheka mpaka akapiga meza. "Banange, nyabo! Jamani, mama!" Na katikati ya kicheko hicho mlango ukafunguka, ndugu yangu akaingia, akachungulia moja kwa moja kwenye pembe.

"Baba! Mbona umejibana huko nyuma?"

Ti-ti-ti za mashine ndizo zilizobaki. Kukhu alijifunika leso usoni, akageuka mgongo papo hapo, kiti na mtu pamoja. Mlango ulikuwa mmoja. Baba akitoka angempita karibu amguse. Kukhu akiinuka angepita mbele ya ule mwanya. Wote wawili wakanasa. Madereva wa huku kwetu walielewa mara moja. Mmoja alivua kofia, wengine wakageuza viti kutazama ukuta. Yule Mganda akaambiwa kwa kunong'onezwa, naye akageuka pia.

Mwishowe Kukhu alisema, kwangu, "Mwulize mwenye duka kama hajambo."

"Baba, hujambo?"

"Mwambie sijambo," ikatoka sauti nyuma ya mashine. "Mwambie nampa salamu nyingi."

"Anakupa salamu nyingi, na soseji yake ililowa."

"Usiongeze!" walisema wote wawili kwa pamoja, halafu wote wawili wakashtuka.

Hapo Mama akafika, macho mekundu. Aliangalia mgongo wa mama yake, akaona kiwiko cha mumewe kinachungulia, akajua mambo yote yako nje. Mama akishikwa hatetemeki. Anashambulia.

"Sawa! Ndiyo, yuko hapa! Na jana mlilala chini ya paa moja, wewe chini yeye juu, na nani amekufa? Paa limeanguka? Basi twende nyumbani Nambale, mambo ya tuta yaishe!"

"Alilala juu ya kichwa changu?" Kukhu akaniuliza polepole.

Nikafungua mdomo, lakini sauti ya nyuma ya mashine ilinitangulia. "Mwambie hapana. Mwambie sikulala humu. Nililala kwenye pikapu."

"Ulilala wapi?" Mama akasema.

"Nilijaribu. Nikavua viatu, nikakaa kitandani. Sikuweza. Nikajua yuko hapo chini. Nikaenda kulala nje kwa gari."

Mpango wa Mama ulikufa pale pale mbele ya macho yetu. Alikaa kwenye kiti cha kamari, akashika kichwa. Nilimfikiria Baba, mtu mrefu vile, amejikunja kwenye pikapu na mvua inapiga bati, na chumba chenye mashuka meupe kiko tupu, na hakuna aliyekuwa anamwangalia.

Kukhu alikuwa anatikisika chini ya leso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha, akapapasa mfuniko wa sufuria.

"Mwulize ile stoo yake ya simenti. Iko ndani ya boma lake?"

"Mwambie iko nje. Ng'ambo ya barabara."

"Iko na mlango wake?"

"Iko nao."

"Huo mlango unaangalia wapi?"

"Mwambie unaangalia nyumba yangu."

"Basi, siji," Kukhu akasema, na Mama akafumba macho.

"Mwambie nitauziba!" Baba alikuwa karibu kupiga kelele. "Mwambie nitafungua mwingine upande wa nyuma. Leo. Simenti ninayo, fundi ninaye."

Kukhu alifikiri. Hata mashine nadhani zilingoja.

"Mwambie mtu anayelala garini na kitanda kipo, huyo hawezi kunivunjia heshima. Nitakuja kwa stoo. Si kwa nyumba, kwa stoo. Maji yakishuka naondoka, na mtu asinishike."

Ikabaki kazi ya kuwatoa. Yule Mganda ndiye aliyetusaidia: alikimbilia lori lake akarudi na turubai, madereva wakalisimamisha kama ukuta katikati ya kasino, na Baba akapita upande ule akiwa ameinamisha kichwa, anasema asante, asante bosi, mpaka nje. Pikapu ilinguruma kabla hatujakunja turubai.

Kwa hivyo sikuogelea hata mara moja. Tulipofika Nambale fundi alikuwa ameshatoboa ukuta wa nyuma, Baba anapanga matofali kwenye mlango wa zamani, na mifuko ya simenti imejazana sebuleni kwetu kama wageni wasioondoka. Tulifagia stoo mpaka tukawa weupe sote. Kukhu aliingia jioni, bila kusaidiwa kubeba chochote, akafunga.

Asubuhi nilimpelekea chai. Alikuwa ameketi kwenye mlango mpya, mgongo kwetu, kuku miguuni, simu mkononi. Jirani alikuwa amesema tuta bado limeshika. Kukhu alikuwa anatazama upande wa Rukala, ambako huwezi kuona chochote ila mabati ya soko.

"Ulilala, Kukhu?"

"Kidogo kidogo. Mwambie mwenye duka ukuta wake ni mzuri." Akanywa chai, macho yakiwa kulekule. "Na mwambie mama yako leo asinipigie simu. Nimo."

Nilivuka barabara. Baba alikuwa amesimama dukani, kalamu sikioni, hajauza kitu, anangoja.

"Amesemaje?"

"Amesema yumo," nikamwambia.

Akaketi, kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe.