Macho ya Mama Hildegardi

Xaveri mpiga picha ni jirani yangu hapa Mbinga mjini. Mimi nashona, yeye anapiga picha, na ukuta uliotutenga ni wa mbao, kwa hiyo hakuna uongo anaoweza kunidanganya nao. Alianza kazi mwaka themanini, enzi za mkanda. Mkanda ukijaa ulipelekwa Songea kusafishwa, na baada ya wiki mbili ndipo mtu alijua kama ametoka na kichwa au bila kichwa.

Kati ya wote aliowaharibia, mmoja hakumsamehe: Mama Hildegardi wa Mkumbi. Mwaka themanini na mbili, alipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, Xaveri alimpiga picha tatu na mumewe, Mzee Joakim. Zote tatu mzee katoa macho, mama kayafumba kama maiti. Moja ikatundikwa sebuleni, maana nyingine hawakuwa nayo. Tangu hapo kila Xaveri akimwamkia sokoni anajibiwa, “Marahaba, wewe uliyenizika.”

Mwaka elfu mbili na saba ikafika jubilei ya dhahabu. Xaveri alijua hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kumfufua yule mama. Safari hii alikuwa na kamera ya kidijitali na kompyuta ya mtumba aliyoagiza Dar es Salaam, maana tangu milango ya biashara ifunguliwe, hata vya Ulaya vilivyochoka vinatufikia. Kamera anaiunga na kompyuta kwa waya. Akibonyeza, unahesabu moja mpaka tatu, picha inatokea kwenye kioo cha kompyuta, kubwa. Nikamshauri aiweke mezani pembeni, kioo kiwaelekee wenye jubilei, mama ajionee mwenyewe. Wazo langu hilo, sikatai.

Baada ya misa tukapanga viti viwili mbele ya nyumba yao, karibu na mibuni. Jenereta ya kwaya ikatupa umeme. Xaveri akabonyeza. Picha ikatokea, mama kafumba. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Ikaja ya pili, ya tatu, hadi ya kumi. Sasa macho yalikuwa wazi, ila yote yametazama pembeni, yake na ya mzee, kama watu waliosikia mbuzi anaingia shambani. Wakiambiwa watazame kamera wanatazama, lakini kidole kikigusa tu kitufe, shingo zinageukia kioo kungoja picha. Watu wa kwaya wakaanza kuuliza jenereta yao itarudi lini.

“Mama, tazama hapa kwangu,” alisema Xaveri, jasho likimtiririka.

“Kwako nilitazama mwaka themanini na mbili. Nikapata nini?”

Aliyeharibu atengeneze. Nikapanga kreti za soda nyuma ya Xaveri, nikaipandisha kompyuta juu ya kreti, kisha nikamwambia apige magoti, kamera ikae chini kidogo tu ya kioo. Akanung'unika kwamba mpiga picha hapigi magoti. Nikamjibu hata padri hupiga, na yeye dhambi zake nazisikia kila siku kupitia mbao.

Akapiga magoti. Akabonyeza. Mama akawa ameshakikodolea kioo, akasahau kabisa kufumba. Moja, mbili, tatu: Mama Hildegardi wa kwenye kioo akamtazama Mama Hildegardi wa kwenye kiti, macho wazi, sawasawa. Pembeni yake Mzee Joakim kafumba.

Mzee akaomba irudiwe. Xaveri akainua kamera, lakini mama akamzuia kwa mkono.

“Iache hivyo hivyo. Miaka ishirini na mitano nimelala mimi pale ukutani. Sasa alale yeye.”

Ikatundikwa kando ya ile ya zamani. Jumamosi iliyofuata Xaveri alikutana naye sokoni, akampa shikamoo. “Marahaba, baba,” akajibiwa, basi, hakuna nyongeza. Siku hiyo hiyo alinisimulia kupitia mbao mara tatu, nami nikashona kola upande usio wake kwa kumsikiliza.