Kuanua Mahindi ya Jirani

Kule Kibomet, pembezoni mwa Kitale, mvua ya alasiri haibishi hodi. Msimu wa mavuno kila uwanja hugeuka manjano kwa mahindi yaliyoanikwa juu ya maturubai, na watu wazima hufanya kazi zao huku wakiutupia jicho Mlima Elgon. Mlima ukijifunika, kila aliye karibu huacha alilokuwa akilifanya. Ukishaanua yako, unaruka ua kwenda kuanua ya jirani, hata kama asubuhi mlirushiana maneno kwa sababu ya kuku. Hakuna anayeomba msaada huo wala anayeushukuru. Kushukuru kungekuwa kama kumshukuru mtu kwa kuitikia salamu.

Nilirudi nyumbani miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni, nikiwa na shahada ya hisabati, kompyuta kuukuu, na nia ambayo sikuthubutu kumweleza mama yangu yote: nilitaka kutunga michezo ya simu. Zilikuwa bado simu ndogo za vitufe, zenye kioo cha ukubwa wa kibiriti. Mchezo wangu wa kwanza niliutoa uwanjani kwetu. Wingu lilitokea upande mmoja wa kioo, na mchezaji, kwa fagio na magunia, alipaswa kuanua mahindi yake kabla tone la kwanza halijaanguka.

Niliuweka kwenye blogu ya bure niliyoiita Uwanja. Mwanzoni mgeni pekee nilikuwa mimi mwenyewe, nikiingia kutoka saiba, duka la intaneti kule mjini, kuangalia kama kuna aliyefika. Kisha akaja mmoja, naye akaleta wenziwe. Sikujua lolote kuhusu kujijengea wafuasi mtandaoni. Nilijua tu nilivyolelewa: mtu akiingia uwanjani kwenu unamsalimu, unamuuliza ametoka wapi na kama kwao ni salama. Basi kila aliyeandika nilimjibu, na aliyerudi nilimuuliza kuhusu lile alilolitaja mara ya kwanza. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi kule Lugulu aliandika kwamba huucheza akisubiri zamu yake ianze, na kwamba mitihani imemkaribia. Alipokaa kimya, nilimuuliza mitihani ilimwendeaje. Akajibu kwa maneno mengi kuliko niliyotarajia, na tangu siku hiyo hakuondoka tena.

Aliyenitikisa ni mfanyabiashara wa mahindi kutoka Tongaren.

"Niaje buda," aliandika, kwa kuwa wote walidhani mimi ni mwanamume, nami sikuona haja ya kuwasahihisha. "Gemu iko sawa, lakini kuna kitu inaniuma. Nikimaliza kuanua yangu nasimama tu hapo kama mlingoti. Na mahindi ya jirani inanyeshewa nikiona! Kwani kwenu ni watu wa aina gani?"

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Nyumba ya jirani niliichora mwenyewe, na turubai lake pia, lakini nilivichora kama pambo. Darasani nilijifunza kuwa mchezaji ni mmoja na ushindi ni wake, nami nikalichukua somo hilo hadi Kibomet bila kulihoji. Wageni wengine wakamuunga mkono kwa kelele. "Si ati tumekuwa watu wa kujifungia geti, bana," aliandika mmoja. Nikawaahidi toleo jipya, ambamo ua ungeweza kurukwa.

Mama alifuatilia mambo haya kwa mbali.

"Mama," alisema siku moja tukipukuchua mahindi, maana ndivyo alivyoniita siku zote, kama wazazi wengi wa kwetu waitavyo binti zao, "hao watu wako wa ndani ya kompyuta, wanakula nini?"

"Ugali, kama sisi."

"Basi waje wapukuchue."

Mjomba wangu alikuwa amenitafutia nafasi ya ukarani katika ofisi moja huko Bungoma. Tukakubaliana, mama na mimi: toleo jipya likitoka na watu wakalijia kabla mahindi ya msimu ule hayajauzwa, ningebaki nyumbani mwaka mwingine nikijaribu bahati yangu. La sivyo, ningekwenda Bungoma bila ubishi. Yalikuwa mapatano ya haki, na sijawahi kumlaumu kwayo.

Toleo jipya lilipokaribia kukamilika, niliwapa wageni wachache ili walijaribu. Niliwasihi wasiligawe kwa mtu yeyote, kwa kuwa lilikuwa bado na kasoro, kisha nikaliondoa kwenye blogu. Alasiri moja nilikuwa nikirekebisha namna jirani anavyotokea mlangoni pake, mama akapiga kelele nje, "Mlima umefunga!" Nikatoka mbio. Tulianua yetu, kisha tukaruka ua hadi kwa jirani yetu mjane, ambaye siku hiyo alikuwa mkutanoni kanisani. Tulikuwa tunaburuta gunia la mwisho kuelekea barazani pake radi ilipopiga mlingoti wa stima kando ya barabara. Niliusikia mpasuko ule hadi kwenye meno.

Nyumbani tulikuta harufu ya mpira ulioungua. Kompyuta ilikuwa imekufa, pamoja na flashi yenye nakala yangu, ambayo niliiacha imechomekwa humo humo.

"Ungezima kwanza," mama akasema.

"Mvua ingenisubiri?"

Alipika chai na kuitia sukari nyingi kuliko kawaida yake. Baadaye jirani alikuja, akasimama mbele ya meza ile na kuitazama kompyuta, akaniambia "pole" kwa sauti ya mtu aliyefika matangani. Kuhusu mahindi hakusema neno, na hivyo ndivyo ilivyopasa.

Mahindi yakauzwa. Nikaenda Bungoma.

Huko, wakati wa chakula cha mchana, niliingia saiba kuwaaga watu wangu. Niliwaeleza kwamba sasa niko kazini Bungoma, kwamba radi imechukua kila kitu na kwamba toleo waliloahidiwa halitakuja. Kesho yake nilikuta majibu. Yule wa Lugulu alikuwa amelifuta toleo la majaribio ili kupata nafasi ya picha, na aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye radi. Wengine nao walikuwa wamelifuta, kwa kuwa simu zetu zilikuwa na tumbo dogo. Chini kabisa, Tongaren:

"Buda usinikasirikie. Ulisema tusigawe. Mimi niligawa. Vijana wangu wa kupakia magunia wako nayo, madereva wako nayo, hata mwalimu wa watoto. Kesho naleta mzigo Bungoma. Nitakuwa hapo kando ya soko na kofia ya kijani."

Nilimwona kwa urahisi, akiwa ameegemea lori.

"Habari ya mchana," nikamwambia. "Ndiwe wa Tongaren?"

"Ndiyo, madam. Lakini samahani, kuna jamaa namngoja."

"Jamaa wa gemu?"

"Eeh. Wewe ni bibi yake?"

"Mimi ndiye buda."

Alivua kofia. "Woi! Na vile nimekutusi!"

"Hukunitusi."

"Nilikuuliza kwenu ni watu wa aina gani!"

Nikamweleza jinsi radi ilivyonikuta nje. Akatafakari, akiikunjakunja kofia ile mikononi.

"Kumbe ulikuwa kwa jirani."

"Ndiyo."

"Na mahindi yake?"

"Haikuloa hata punje."

"Basi," akasema, kama mtu aliyefunga mjadala. Akaitoa memori kadi kwenye simu yake na kuniwekea kiganjani.

Kadi ilikuwa na mchezo uliokwisha kushonwa tu, bila maandishi ya programu niliyoutungia; kuufumua ili uone ndani yake ni kazi ya kuchosha, na sehemu nyingine nilizishona upya kwa kubahatisha. Niliifanya baada ya saa za ofisi, kwenye kompyuta za kukodi. Ukweli ni kwamba sikurudi kuishi Kibomet. Muda wa mapatano ulikuwa umepita, na ukarani ule ulinilisha miaka mingi. Lakini toleo jipya lilitoka, na watu walikuja kulichukua, wakiletwa na wale waliokuwapo tangu mwanzo. Wengine kati yao huniandikia hadi leo. Bado wananiita buda, ingawa mtu wa Tongaren aliwatangazia wote siku ile ile kwamba buda ni mama.

Niliongeza kitu kimoja kidogo. Kwenye nyumba ya mchezaji kuna dirisha lenye mwanga. Ukiruka ua kwenda kwa jirani, mara nyingine mwanga ule huzimika na hauwaki tena hadi mchezo uishe. Haukupunguzii alama wala haukuongezei. Wageni wameuliza mara nyingi maana yake ni nini, na wengine wamenishauri nirekebishe kasoro hiyo. Mtu wa Tongaren anajua. Kila swali hilo linapoulizwa, yeye ndiye huwahi kujibu kabla yangu: "Wewe anua mahindi, bana. Ya dirisha achana nayo."