Golikipa Wetu wa Kigera

Wiki iliyopita nilienda ofisi ya kata. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja aliyechezeaga timu yetu ya mtaa hapa Kigera. Vijana wanataka kuifufua, kwa hiyo alikuwa anaandikisha majina ya wachezaji walioianzisha.

"Golikipa?" karani akauliza.

"Kamongo. Alipendaga matope kuliko nyasi."

"Babu, kamongo ni samaki. Nipe jina kamili."

"Mwanangu, tungejua atakufa mapema tungemuuliza."

Foleni ikacheka. Mzee akanigeukia. "Dada, si wewe ulikuwa unatufulia jezi? Msaidie huyu binti."

Ni kweli, nilikuwa nafua mimi. Jezi ya Kamongo naijua mpaka ilikochanika kwapani, nikaishona kwa uzi mweusi. Jina lake sikuwahi kumuuliza. Karani akachora mstari mahali pa jina, akaendelea na beki.

Nimekaa na swali hilo wiki nzima. Siku ya mazishi ya Kamongo jina lake lilisomwa lote, la ubatizo na la ukoo, mbele ya watu. Sisi akina mama tulikuwa nyuma ya nyumba tunasonga ugali, tunabishana kama unga utatosha.