Nyumba Yetu Kwenye Ziara ya Lamu

Ofisi ninakowauzia watu safari za Lamu iko Ngara, juu ya duka la jumla la vikombe. Ukutani tumebandika picha za magofu, msikiti wa kale na milango ya nakshi. Mlango mmoja ni wa kwetu. Baba aliupenda umaarufu huo. Aliwakaribisha watalii mwenyewe kwa kahawa na halua, akawaonyesha vidaka vya ukutani, na hadithi za mababu akazitia chumvi. Alipofariki mwaka huu, mama akakaa eda: hatoki, hajipambi, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake.

Nilimwomba bosi aiondoe nyumba kwenye ziara mpaka eda iishe. Akasema sawa. Wiki hiyohiyo akauza ziara, nyumba yetu ikiwemo, kwa familia moja tajiri ya Spring Valley.

"Ni nusu saa tu, my dear. Si mamako atakaa tu bedroom?"

Nilichemka. Nikamuuliza kama kwao watu huenda matangani na kamera. Akanijibu taratibu kwamba wanaoitaka kazi yangu ni wengi. Nikashuka ngazi nikiapa sirudi. Nilipofika nyumbani Kangemi nikawatazama wanangu wakila, na asubuhi nikarudi. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

Mama nilimpigia mwenyewe. Nilitaka akatae, nami nipate pa kusimama.

"Nawaje," akasema. "Mgeni wa babako hafukuzwi mlangoni. Mjomba wako atawapokea, mimi nitakaa ndani."

Walikwenda, wakarudi, wakatutumia picha. Bosi akaniita kwenye kompyuta, uso umemng'aa. Kwenye picha moja mkono wa mtu umefunua pazia la chumba cha ndani, na mama yangu ameketi kitandani na nguo zake za eda, kichwa wazi, anatazama ukutani. Hana habari.

"Hii sasa ndio culture. Hii tunaweka kwa poster."

Nilimwambia akithubutu nitaichoma ofisi hii na yeye ndani. Nilipiga kelele hadi mwenye vikombe akapanda juu kuuliza kuna nini. Bosi alicheka, akasema nimechoka, niende nyumbani. Picha ile bado anayo.

Jioni mama akapiga simu.

"Wageni waliridhika?"

"Waliridhika, mama."

"Na uliwaeleza kwa nini sikutoka kuwaamkia? Wasije wakadhani nina kiburi."